Kikaragosi Kilichoitwa Sinikiwe

Kwa miaka thelathini na mmoja Sithabile Dlodlo alifundisha wasichana kutembea. Kwenye ratiba ya shule somo liliitwa maarifa ya nyumbani, na ni kweli walipika, wakashona, wakajifunza kutoa madoa ya chai kwenye kitambaa cheupe. Lakini kila Ijumaa meza zilisogezwa ukutani, na wasichana wakapita mbele yake mmoja mmoja, kitabu kichwani, mgongo wima. Aliyeyumba alirudia. Aliyeangusha kitabu alikiokota kwa kupiga magoti, bila kukunja mgongo, wenzake wote wakimtazama.

"Wewe unatembea au unamwagika?" MaDlodlo, kama walivyomwita, angeuliza. Darasa lingecheka na msichana angelia. Wapo wanawake Bulawayo, sasa wana wajukuu, ambao wakimwona kwa mbali hunyoosha mabega kabla hawajakumbuka kwa nini.

Mwaka alipotimiza sitini na sita alianguka, mchana kweupe, mbele ya watu mia mbili.

Ilikuwa harusi ya mwanafunzi wake wa zamani. Kwa heshima walimpa kazi ya kuongoza msafara wa akina mama kushuka ngazi za ukumbi, ngazi kumi na moja. Kwenye ya tatu kisigino kilinasa kwenye zulia. Hakuanguka papo hapo, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kwanza alikimbia. Alishuka ngazi nne mbio, mikono ikipiga hewa kama anafukuza nyuki, akamkumbatia mpiga picha, akazunguka naye mzunguko mzima kama wanacheza dansi. Kisha miguu ikamtangulia, naye akaifuata kwa makalio mpaka chini. Kofia ilikwenda njia yake. Ikatua juu ya keki.

Pakawa kimya. Ndani ya ule ukimya akasikia kicheko kimoja, nacho alikijua kabla hajageuza kichwa. Kilikuwa cha mdogo wake Sinikiwe. Kicheko cha Sinikiwe huanzia puani, kama kizibo kinachochomolewa, halafu kinamwagika chote kwa mpigo. Baada ya hicho ukumbi mzima ukacheka. Nyonga ilikuwa imevunjika mahali pawili.

Hospitalini, kwenye kitanda cha jirani alilala koporali wa polisi, mwanamke wa makamo aliyevunjika mkono wa kushoto. Kwa ule wa kulia alishika simu kutwa nzima, na kutwa nzima alicheka, shuka mdomoni.

"Koporali," alisema MaDlodlo siku ya tatu, "wengine hapa tuna maumivu."

"Samahani, mwalimu. Lakini hebu mwone huyu mshenzi."

Kwenye kioo, kikaragosi kimoja kilichovaa pajama za mistari, kimelegea kama tambi, kilisimama kileleni pa ngazi. Ukibonyeza upande wa kushoto, paja lake la kushoto linainuka. Ukibonyeza kulia, la kulia. Basi. Kazi yako ni kukishusha salama. Koporali akabonyeza. Goti likapanda mpaka kidevuni, mwili ukajikunja kama soksi, kichwa kikaingia kwenye ndoo iliyokuwa kwenye ngazi ya pili, na sehemu iliyobaki ikaendelea na safari bila kukisubiri. Kilipofika chini kilitulia makalio juu. Maandishi yakatokea: mifupa kumi na saba. Halafu kikainuka, kikajipangusa magoti, kikarudi juu kungoja tena.

"Mgongo mbovu," alisema MaDlodlo. "Mabega mabovu. Lete hapa."

Alikikazania kama alivyowakazania wasichana wa Ijumaa. Kushoto, kulia, taratibu. Kikapiga hatua mbili za heshima kabisa, akaanza kuvimba kichwa. Ya tatu kikaipiga kinyumenyume, kikapasuka msamba, kikateremka ngazi zote kwa kidevu, tu-tu-tu-tu, kwa utulivu, kama mtu anayehesabu. Mwanamke yule ambaye hakuwa ametabasamu tangu harusini alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Kicheko kilimuuma nyongani, naye hakuweza kukizuia.

Aliporudi nyumbani, mtaa wa Luveve, mchezo ulikuwa kwenye simu yake mwenyewe, na Sinikiwe alikuwa jikoni mwake.

Sinikiwe alikuwa mjane, mnene, mwenye mwendo wa pole na tabia ya kuvumisha nyimbo za kanisa puani. Alikuwa ameacha mbuzi kumi na wanne kwa jirani kule Plumtree, akaja kumwuguza dada yake kwa wiki sita. Wiki sita zikawa mwaka, mwaka ukaelekea wa pili. Alimwogesha, akamvisha soksi, akamtoa barazani asubuhi kuota jua na kumrudisha mchana. MaDlodlo hakukitaja kile kicheko hata siku moja. "Ahsante, mdogo wangu," alisema kila alipooshwa, kwa sauti ya mtu anayerudisha sufuria ya kuazima.

Mchezo ulikuruhusu kukipa kikaragosi jina, mwili na nguo, na kuchagua pa kukiangushia. Kwanza alikiita kwa jina la daktari aliyemwahidi kwamba atatembea. Akakirusha kwa mzinga ukutani. Kisha jina la mwalimu mkuu wake wa mwisho, kisha la mke wa mchungaji. Kila mmoja alimpa wiki yake. Halafu alasiri moja Sinikiwe alikuwa amepiga magoti akimkata kucha za miguu, huku akivumisha wimbo, na katikati pua yake ikatoa mlio kidogo, ule mlio wa kizibo. Alipotoka kwenda kumwaga maji, MaDlodlo akaandika: Sinikiwe. Akachagua mwili mnene kuliko yote, akaufunga kitambaa cha buluu kichwani. Akausukuma kutoka juu ya paa la kanisa.

Kikaragosi kilibiringika juu ya vigae, kikapenya kwenye mti, kikaning'inia kwa kifundo cha mguu, kikabembea, kikakatika, kikaangukia mkokoteni wa matikiti, na mkokoteni ukaondoka nacho. Mifupa thelathini na tatu. MaDlodlo alicheka huku akigonga mkono wa kiti.

"Dada, una nini?" Sinikiwe aliita kutoka jikoni.

"Nacheka tu."

"Afadhali!" Na jioni ile ile Sinikiwe alimwambia jirani yao NakaVelile kwamba sasa dada yake anapona, moyo wake umerudi.

Mtu asiyewahi kucheza angesema ni kitoto. Utamu wake ulikuwa kwenye uzito. Kile kitu kilikuwa na uzito wa mtu. Mkono ulivutwa na bega, bega likavutwa na kichwa, na hakikuanguka namna moja mara mbili. Ukikisukuma hujui kitafika chini kwa mgongo, kwa pua au kwa mguu mmoja umeingia kinywani. Na hakikukasirika. Kilijipangusa, kikarudi juu. MaDlodlo alikuwa hawezi kwenda chooni bila kushikwa kwapani, na mshikaji ni mtu aliyemcheka. Lakini kati ya saa nane na saa kumi mchana, mshikaji huyo alikuwa mikononi mwake.

Pasaka iliyofuata binti yake, Nozizwe, alikuja kutoka Johannesburg. Baada ya chakula, NakaVelile naye akiwa mezani, Nozizwe alichukua simu ya mama yake azifute picha zilizojaa. Ghafla akaanza kucheka.

"Mama! Kumbe una jela humu! NakaVelile, sikiliza. Daktari Sibanda, ameanguka mara arobaini. Mke wa mchungaji, mara sitini na mbili!"

"Mungu wangu, mke wa mchungaji!" NakaVelile alipiga makofi. "Na mimi nimo?"

"Wewe mara tisa."

"Tisa tu? MaDlodlo, unanidharau."

"Nozizwe, weka hiyo simu chini," alisema MaDlodlo.

Lakini Nozizwe alikuwa ameshavuta orodha mpaka juu, na macho yaliutangulia mdomo. "Mama mdogo Sinikiwe," alisoma, sauti ikipungua njiani. "Mara elfu tatu mia nne na kumi na mbili."

Sinikiwe alikuwa amesimama na bakuli la maziwa ya mgando. Alilitua mezani. "Elfu tatu!" alisema. "Ndiyo maana nalala nimechoka." Wote wakacheka haraka haraka, kwa kushukuru. MaDlodlo hakucheka. Mdogo wake alikuwa hamtazami.

Wageni walipoondoka Jumatatu, Sinikiwe alivuta kiti cha jikoni akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Nimekukosea nini, dada?"

"Ulicheka."

"Lini?"

"Unajua lini. Ulikuwa wa kwanza."

Sinikiwe aliwaza. Alikuwa mtu wa kweli, na ukweli wake haukuwahi kuwa na haraka. "Nilicheka, ndiyo. Ulimzungusha yule mpiga picha kama mnaoana nyinyi. Na kofia kwenye keki, dada! Sikujua umevunjika."

"Ulipojua uliacha?"

"Niliacha pale pale. Nikalia." Kisha akaongeza, kwa sababu alikuwa ameulizwa: "Lakini bado nacheka. Nikifua shuka zako hunijia tu. Nacheka peke yangu pale bombani mpaka naegemea ukuta."

 Miaka miwili MaDlodlo alikuwa amedhani kile kicheko kilitokea mara moja.

"Sasa nifundishe," alisema Sinikiwe, akanyoosha kiganja. "Na mimi nicheze."

Hakuwa na njia ya kukataa. Chai yake, choo chake na kitanda chake vilikuwa kwenye kiganja hicho hicho. Akamfundisha. Sinikiwe alikuwa na vidole vinene, na siku ya kwanza kikaragosi chake hakikuweza hata kuanguka vizuri. Kilikaa tu pembeni ya paa kama mtu anayengoja basi. Kufikia wiki ya pili alikuwa amekielewa. Kikaragosi chake kilikuwa chembamba, kirefu, kina kofia. Hakuhitaji kusema ni nani.

Kusema kweli zile zilikuwa wiki nzuri kuliko zote walizokaa pamoja. Kila alasiri walipokezana simu, na nyumba ilijaa kelele.

"Tazama unavyokwenda, mwalimu! Kitabu kichwani! Aaa, umeangukia choo cha shimo."

"Afadhali mimi nimeingia. Wewe jana ulikwama mlangoni kwa unene."

"Mifupa arobaini na moja! Dada, umebaki na ulimi tu."

"Nao ulimi utakutosha."

Ila Sinikiwe hakujua kuuacha mchezo ndani ya simu. Ilianza kwa utani. Akimwinua asubuhi alisema, "Paja la kushoto, bonyeza," na MaDlodlo, akiwa bado na usingizi, alitabasamu. Kisha ikawa kila asubuhi. Kisha ikawa kwa sauti. "Kushoto, bonyeza! Kulia, bonyeza! Eeh, goti hilo!" Na wakati mwingine, katikati ya chumba, alilegeza mikono kidogo tu, kiasi cha moyo kuruka, akamdaka tena na kucheka kwa pua.

"Usinifanyie hivyo."

"Si nimekudaka?"

Mwezi Juni maji yalikatika Luveve, na gari la maji likawa linasimama mbele ya geti lao. Wanawake kama ishirini walipanga foleni na ndoo zao. Asubuhi moja Sinikiwe alimtoa dada yake barazani, akaiona foleni, na foleni ikawaona.

"Akina mama, mwalimu anatembea!" alisema kwa sauti. "Tumsaidie. Paja la kushoto!"

"Bonyeza!" aliitikia NakaVelile, aliyekwisha kuonyeshwa mchezo.

"La kulia!"

"Bonyeza!" Sasa zilikuwa sauti tano, kisha kumi. MaDlodlo alishikilia fremu yake ya kutembelea, akakaza mgongo, na mguu ule mbovu ukaburuta vile vile, ukayumba nje vile vile, wakati ule ule walioutaja. Walicheka kama watoto. Katikati ya foleni alisimama mwanamke mwenye mvi, ndoo mbili miguuni, ambaye zamani alikuwa msichana wa Ijumaa na alikuwa ameokota kitabu mara nyingi. Hakucheka. Alingoja kelele zitulie.

"Mwalimu," aliuliza kwa adabu, "unatembea au unamwagika?"

Kicheko cha Sinikiwe ndicho kilichosikika juu ya vyote.

Mchana huo, Sinikiwe akiwa amelala, MaDlodlo alifuta kwenye simu kila alichowahi kushinda mdogo wake. Miezi ya jasho la vidole vinene: paa la kanisa, mzinga, lifti, ile hatua ya daraja ambayo Sinikiwe aliivuka baada ya siku kumi na moja na kukimbia nje kumwambia NakaVelile. Alifuta vyote, kimoja kimoja, ili avione vikienda.

Sinikiwe aliposhika simu aliangalia muda mrefu. "Umefuta daraja," alisema.

"Kidole kiliteleza."

"Sawa."

Kesho yake alimwogesha kama kawaida, akamvisha sweta, akamtoa nje. Kutoka barazani hadi uani kuna vidato vitatu vya ngazi. Alimsimamisha kwenye kile cha juu, akamshikisha mkono mmoja kwenye nguzo, akaichukua fremu na kuiegemeza ukutani, mbali. Akavaa kitambaa chake cha buluu.

"Nakwenda kusaga," alisema.

"Nikalishe kwanza."

"Kidole kimeteleza, dada."

Na akatoka getini, debe la mahindi kichwani, mwendo wake ule wa pole.

Ilikuwa saa tatu na nusu. MaDlodlo alisimama. Saa nne NakaVelile alipita nje ya ua na kumwona.

"MaDlodlo! Umesimama leo?"

"Naota jua."

"Peke yako? Sinikiwe yuko wapi?"

"Nimemtuma."

"Nikuletee kiti?"

"Mimi ni mgonjwa? Nenda zako."

NakaVelile akaenda. Paja la mguu usio mbovu lilianza kutetemeka saa tano kasoro. Kisha akahitaji kwenda chooni, na kwa muda mrefu hilo ndilo lilikuwa jambo pekee duniani. Kisha halikuwa jambo tena. Lilimteremkia mguuni likaingia kwenye soksi, na upepo wa Juni ukalipoza. Saa tano na nusu mkono wa kwenye nguzo ulikuwa haumsikilizi. Akajitelezesha chini kwa nguzo, shavu likikwaruzwa, akakaa. Kisha akashuka, kwa makalio, kidato kwa kidato, gauni likibaki nyuma, mapaja nje. Alifika chini akapumua na uso kwenye udongo. Hakuna aliyemwona isipokuwa kuku wawili.

Sinikiwe alirudi na unga saa sita. Alisimama juu yake, akatazama alama ya maji kwenye vidato, soksi, gauni. Kama angecheka, labda MaDlodlo angejua la kusema. Hakucheka. Alimwinua, akamwosha upya kwa maji ya moto, akampaka mafuta kwenye shavu, akamlaza. Saa nane akampa simu, maana muda wa kucheza ulikuwa umefika.

MaDlodlo alimpigia binti yake. "Mtafute mtu. Huyu aende zake."

"Mama, mama mdogo ameacha maisha yake kwa ajili yako!"

"Aende akayachukue."

Wiki mbili baadaye alikuja msichana wa kulipwa, Sakhile, mpole, mwembamba, aliyesoma kozi ya kuhudumia wagonjwa. Sinikiwe alifunga vitu vyake kwenye begi moja. Mlangoni aligeuka.

"Ukitaka kwenda chooni umwambie mapema. Usingoje. Wewe hungoja mno."

"Nenda salama."

"Haya, dada."

Plumtree alikuta mbuzi saba. Jirani alisema wengine walikufa.

Sakhile alikuwa na mikono myepesi na hakuwahi kumlegeza. Alimwita bibi. MaDlodlo aliendelea kucheza saa nane mpaka saa kumi. Aliandika jina la Sakhile, akakisukuma kikaragosi, kikaanguka, na alipokitazama aliona ni picha tu inayoanguka. Alirudi kwa Sinikiwe. Kitambaa cha buluu, mwili mnene, paa. Kiliruka vizuri kuliko siku zote, kikapiga kengele ya kanisa kwa kichwa. Alingoja kicheko kije. Nyumba ilikuwa kimya. Sakhile alikuwa akipiga pasi.

Mwezi wa tisa alipiga simu Plumtree. Iliita mara nyingi. Ilipopokelewa alisikia upepo na mlio wa mbuzi.

"Nani?"

"Mimi."

"Unaumwa?"

"Hapana. Nilikuwa nakuambia tu, leo umepiga kengele ya kanisa kwa kichwa. Mifupa hamsini na nne. Haijawahi kutokea."

Alisikia Sinikiwe akipumua. Alikaza simu sikioni, akingoja ule mlio mdogo wa puani.

"Nina mbuzi anazaa," alisema Sinikiwe. "Amekwama." Na simu ikakatika.

Alipiga tena Jumatano, na Jumamosi, na Jumatano nyingine. Iliita mpaka ikajizima. Jumamosi iliyofuata Sakhile aliingia na sahani, akamwuliza kwa upole kama yuko tayari kula. MaDlodlo alisema yuko tayari. Isitshwala, ugali wa kwao, kilikuwa kimepikwa laini mno, kama cha mtoto, naye akakila chote.